Chura wa Kihansi: tumuokoe au asili iamue?

Kijana wa Kihesa: Kamwene wakuu. Chura wa Kihansi, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi hapa Tanzania, alijulikana 1996. Likaja bwawa la umeme wa megawati 180, maporomoko yakabaki na maji kidogo sana, 2009 akatangazwa ametoweka porini. Akalelewa Marekani, 2012 akarudishwa korongoni, kwenye mabomba ya kumnyunyizia maji. Kiumbe anayehitaji bomba, uchaguzi wa asili (anayeyaweza mazingira ndiye hubaki) umeshamkataa. Hela hiyo ingejenga zahanati.

Mwalimu Bios: Uchaguzi wa asili huenda kwa vizazi na vizazi. Pale maji yalikatwa ghafla, abadilike lini? Na si dhaifu huyo. Anazaa vitoto vilivyokamilika, hahitaji dimbwi la viluwiluwi. Vyura wa hivyo ni wachache mno duniani. Ila sishangai, ndiyo akili ya wanaofyeka msitu wa Mlima Rungwe mpaka yule kima aitwaye kipunji hana pa kulala.

Mama Parachichi: Rungwe imeingiaje hapa? Kipunji wawindaji wetu walimjua kabla watafiti hawajamwona 2003, tena wao ndio waliowasimulia. Sifa zenu, lawama zetu? Njoo ulinde mahindi yangu na huyo kipunji, mwalimu.

Kijana wa Kihesa: Jamani, mada ni chura. Mnasahau pia ugonjwa wa kuvu wa 2003, ulichangia kuwamaliza.

Mwalimu Bios: Mama, hesabu ya 2008 ilipata kipunji 1,100 na kitu, wote duniani, Rungwe na Udzungwa tu. Kundi dogo likikatwa vipande na mashamba, ndugu wanazaana wao kwa wao.

Mama Parachichi: Nimeuliza mahindi, unanijibu ndugu.

Dereva wa Tunduma: Asili inajibu, mwalimu. Gorongosa kule Msumbiji majangili waliua tembo wakati wa vita wakitaka meno yao, yaani pembe za ndovu, sasa majike wengi wanazaliwa bila meno hayo. Wamejiokoa wenyewe.

Mwalimu Bios: Kwa gharama gani? Utafiti wa 2021 ulionyesha kuwa kinasaba kinachowanyima majike meno hayo kinaelekea pia kuua mimba za madume. Ndiyo maana huoni dume asiye na meno pale. Na zaidi ya tembo tisa kati ya kumi walishakufa! Huko ni kujiokoa?

Dereva wa Tunduma: Lakini wapo.

Mama Parachichi: Wa tembo mnawasikiliza. Mimi kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa sijakiona, na usiku nalala shambani na wanangu. Mwalimu, jibu hilo kwanza, ndipo tuongee msitu.

Mwalimu Bios: Unastahili kulipwa, sijawahi kukataa. Lakini kipunji hakukuomba upande mahindi msituni kwake.

Mama Parachichi: Msituni kwake? Shamba la baba yangu hilo!