Huyu mjuaji wa kijiweni leo kanigusia herufi zangu!

Wakuu salaam, ingawa mwenyewe sina salaam, nina moshi tu kichwani.

Yule mtu mnamjua. Wa shati la drafti, anayesahihisha hadi Kiingereza cha kwenye kioo cha daladala. Simtaji, ana mashemeji humu.

Leo jioni Scrabble, ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi viwe maneno ya Kiingereza, iko mezani, mchezo ndiyo kwanza unaanza, bodi tupu kama mfuko wangu. Nachomoa herufi saba: A, E, I, N, R, S, T. Nikaziangalia dakika kumi na tano hivi (yeye anasema nusu saa, muongo). Nikaweka RAT, yaani panya. Pale katikati neno linahesabiwa mara mbili, pointi 6, nimeridhika, naandika alama zangu.

Basi yule mtu akaniegemea. Akanyoosha kidole, kidole kilekile kilichotoka kwenye chipsi mayai, mafuta yanang'aa mpaka kwenye kucha, akamsukuma panya wangu pembeni. Akaanza kupanga. RETAINS. Akavuruga: NASTIER. Akavuruga: RETINAS. STAINER. ANTSIER. Herufi zilezile saba! Kila neno anagonga meza, ta! Halafu ananitazama. "Ukizimaliza zote saba unaongezewa 50, bwana mkubwa. Ulikuwa na 64 kwa uchache, umechukua 6."

Nikapinga. Nikasema STAINER si neno, huyo ni nani, fundi rangi? Kamusi ya simu ikalikubali. Nikapinga ANTSIER. Ikalikubali. Na simu ni yangu, bando ni langu!

Mwanangu wa darasa la tatu, nimemleta ale chipsi tu, akaniuliza, "Baba, kumbe zilikuwepo?"

Sasa kijiwe kizima naitwa Panya. Hadi muuza chipsi, ambaye namdai, ananiuliza, "Panya, nikuwekee pilipili?" Ila hilo nimesamehe. Ni kile KIDOLE. Nani kakwambia herufi za mtu zinaguswa? Mtu kashindwa kutafuna nyama yake, ndiyo umtafunie? Kidole, mafuta, herufi zangu, mbele ya mtoto!

Watu wa hivi wafungiwe maisha. Nimemaliza.

Sijamaliza. Kidole!

Bwana Ndala: Nusu saa unawinda unatoka na panya? Hata paka wangu angeona aibu.

Mtoa mada: Dakika kumi na tano.

Fundi Redio: Si ungeweka hata TRAIN mkuu, ukapanda treni ukaondoka. Na bodi ilikuwa tupu, hata kisingizio cha kukosa nafasi huna.

Mtoa mada: Fundi, soma uzi. Nimeongelea kidole.

Kimbaumbau: Siku nyingine anza na mikia: -ER, -IER, -ING, -EST. Zisogeze E na R kulia, tazama kilichobaki: STAIN. Hizo saba zako watu wanaziota usiku. Ungepata Q bila U ningekuelewa, japo hata hapo kuna neno QI.

Dada wa Mkeka: Tuisheni imeanza. Ada ni ya mwezi au ya muhula?

Kimbaumbau: Cheka tu. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alibeba ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa chenyewe hakiongei, alikariri maneno tu kama wiki tisa. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuchukua ule wa Kiingereza, kule Perth, Australia. Mtoa mada kasoma Kiingereza tangu shule ya msingi, katoa panya.

Mtoa mada: Nilijua tu utakuja. Wewe ndiye yeye?

Kimbaumbau: Mimi chipsi mayai sili.

Mama Wawili: Afadhali wewe umeguswa herufi. Mume wangu ana ule mchezo wa simu wa kuunganisha herufi kwenye duara. Saa saba usiku ananiamsha: "Mama Wawili, neno la herufi saba lenye G tatu." Nikamwambia LUGGAGE, na ya kwako iko mlangoni.

Bwana Ndala: Hahaha! Akaondoka?

Mama Wawili: Akaniambia asante, akapanda hatua.

Kinyozi Mstaafu: Tatizo ni hicho Kiingereza. Chezeni kwa Kiswahili, mjuaji atanyamaza.

Fundi Redio: Kwa seti ipi? Ile ya Kiingereza ina K moja tu. Mtu akiandika KAKAKUONA kamaliza K na herufi tupu zote mbili (zile zinazosimama badala ya herufi yoyote), nyie mliobaki hata "kuku" hamuandiki.

Kinyozi Mstaafu: Basi chezeni bao. Ingawa kuna mzee hapa mtaani kwetu kila akikaribia kufungwa anakohoa, akimaliza kukohoa kete zimeongezeka upande wake.

Dada wa Mkeka: Huyo mzee namjua! Ana kikoi cha kijani? Alinikopa mkeka tangu mfungo, mpaka leo anakohoa tu.

Bwana Ndala: Wazee wa vikohozi fungueni uzi wao, wako wengi.

Mtoa mada: Jamani, turudi kwenye kidole.

Kinyozi Mstaafu: Kikoi cha kijani, ndiye. Mkeka anaukalia pale pale baoni.

Dada wa Mkeka: Kesho naufuata!

Babu Mnada: Samahani kwa kuingilia. Nina seti ya Scrabble, bodi nzima, herufi 99. Imekosa Q tu. Elfu kumi na tano.

Fundi Redio: Q imeenda wapi?

Babu Mnada: Mjukuu kameza juzi. Tunasubiri.

Mama Wawili: Elfu kumi, naichukua. Hiyo Q ikitoka baki nayo.