Spektra yangu inatoka kama mahema, shida iko wapi?

karanga_kla: Wakuu habari za jioni. Niko hapa Kampala na projekti ya sumukuvu kwenye karanga za kusaga, zile za sokoni wanazokupimia kwa kijiko. Mashine ya kupima uzito wa molekuli (mass spectrometer) imenipa faili nikaigeuza kuwa mzML, fomati ya wazi ya data hizi, na programu ya msconvert, nikaisoma kwa Python na pyteomics halafu nikapiga plt.plot(mz, nguvu), mz ni uzito kwa chaji na nguvu ni urefu wa kilele, sasa badala ya vijiti kama vya wenzangu napata mahema, yani pembetatu zimeegemeana toka 100 mpaka 1000, na kale ka 313, yani sumukuvu B1 yenyewe, ninakokatafuta hata sikaoni. Supavaiza anataka slaidi kesho saa nne, umeme umeshaenda mara mbili na betri iko 41. Nisaidieni jamani

mzee_wa_vijiti: Ulipogeuza ulitia tiki kwenye peakPicking, ile ya kuchuja vilele, eh? Basi kila kilele kimebaki nukta moja tu na katikati ya nukta hamna kitu. plt.plot yenyewe kazi yake ni kuunganisha nukta, so inatoka kichwani kwa 313 inateremka polepole mpaka nukta inayofuata hata kama iko mbali, ndo hilo hema lako. Weka plt.vlines(mz, 0, nguvu, linewidth=0.7). plot iachie data ambayo haijachujwa. Halafu gawa nguvu kwa nguvu.max() zidisha 100. Na chukua zile za 'ms level' 1 tu, yani molekuli kabla hazijavunjwa, ukichanganya na 2 ambazo zimevunjwa utakutana na vipande vya 285 na 241 uanze kuhangaika

nalukodi: Mzee hapo kwa kugawa umemwangusha. Karanga ina mafuta mengi, kama kilele kikubwa ni cha mafuta kule juu basi 313 itakuwa kama unywele. Akate kwanza, k = (mz > 305) & (mz < 340), abaki na mz[k] na nguvu[k], ndo agawe. plt.stem nayo inafanya ila bila markerfmt=' ' inaweka kitone juu ya kila kijiti, inakuwa kama mtama umemwagika

mzee_wa_vijiti: Hiyo nimekubali

karanga_kla: VIJITI!! 313.07 iko, 314.07 iko, lakini kuna kingine 335.05, ni uchafu?

mzee_wa_vijiti: Ni huyohuyo B1, kavaa sodiamu badala ya haidrojeni, toa uone inabaki 21.98. Hiyo 314 ni molekuli hiyohiyo yenye kaboni 13, kaboni nzito kidogo, molekuli ina kaboni 17 so kijiti chake kiwe kama asilimia 18 ya 313, kikizidi sana ujue kuna mwingine kajificha hapo. Na kesho usije ukawaambia karanga zimepita kikomo cha 5 ppb (sehemu 5 kwa bilioni) kwa kuangalia urefu wa kijiti, bila kalibresheni, yani kulinganisha na sampuli za kiasi kinachojulikana, watakumaliza

karanga_kla: 314 imegonga asilimia 17.6 🙌 betri 12, naseivu png ya dpi 300 haraka haraka kabla haijazima