Siku timu ilipokuachia zege: wasimamizi wa miradi kusini tupeane uzoefu

Mwana Lindi: Wakuu habari. Leo nimepita shule moja nimekuta vijana wanamwaga zege nikakumbuka mbali sana. Jumatatu napewa timu ya watu 20 niisimamie. Mlioongoza saiti huku kwetu, watu walipowagomea mlifanyaje?

Juu Newala: Umenitonesha. 2019, madarasa mawili ya fosi akaunti (shule inajenga yenyewe kwa mafundi wa kawaida, bila kampuni ya mkandarasi), huku juu maji ya kununua dumu kwa dumu, mnajua wenyewe. Siku ya zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, tumeanza saa moja, saa tano fundi mkuu akasema tupumzike watu wanywe uji, mi nikamfokea mbele ya vibarua, nikamwita mwizi wa muda, mzee wa umri wa baba yangu. Hakujibu kitu. Akasuuza mwiko wake kwenye kopo, akaufuta kwenye suruali, akautia kwenye kiroba huyoo. Nageuka, vijana wote wameweka ndoo chini. Zege limeshakorogwa lipo chini na jua lile! Nikabeba mwenyewe, ndoo ya tisa nikakaa chini. Linta ikaishia katikati, na zege halilali. Injinia alivyokuja akagonga pale kwenye kiungo kwa nyundo, akasema vunja. Usiku nikaenda kwa mzee, nimeongozana na mwenyekiti wa kitongoji, kuomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, umenitukana mchana, usiniombe radhi usiku." Asubuhi nikaomba mbele ya walewale. Wakarudi, kasoro wawili.

Mama Saiti: Duh. Hiyo ya mchana na usiku naondoka nayo.

Nyundo: Pole mkuu ila ulilegea. Ukicheka na vibarua wanakupanda kichwani. Na watu wa kusini ikifika Oktoba, msimu wa korosho, hata uwalipe vipi saiti hawakai, uvivu tu.

Tandahimba Damu: Nyundo uvivu wa nani?? Korosho ndo ada ya watoto, ndo bati la nyumba, unataka mtu aiache iokotwe na wengine kwa posho yako ya kuchelewa wiki tatu? Na ukimchelewesha ndo unamsukuma kwenye kangomba, wale wanunuzi wa magendo wa bei ya chini, anauza korosho ikiwa bado iko juu ya mti. Mi nilikaa nao tukapanga ratiba pamoja, msimu wa salfa, dawa ya mikorosho, wanapuliza alfajiri, saa nne wote wapo saiti. Hakuna aliyenikimbia.

Nyundo: Sijamtukana mtu, nimesema nilichokiona.

Mama Saiti: Umetukana. Futa.

Kilwa Masoko: Tuache hayo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kimepita, barabara ikakatika Somanga, nondo zetu ziko upande wa Dar. Bosi anataka niwaambie vijana gari linafika kesho. Kesho ya kwanza nikasema, ya pili nikasema, ya tatu kijana mmoja akaniuliza kaka na wewe unaamini? Nikawaambia ukweli, asiye na kazi aende nyumbani, namba zenu ninazo. Nondo zilivyofika nikapiga simu wakaja wote. Mwana Lindi, usiwadanganye tu, mengine utajifunza hukohuko.

Nyundo: Na uwe mkali.

Tandahimba Damu: Na ulipe kwa wakati kwanza ndo uwe mkali.

Mwana Lindi: Asanteni sana. Juu Newala, wale wawili vipi?

Juu Newala: Mmoja alihamia Masasi. Mwingine namuonaga stendi, salamu anaitikia, ila nikisema kaa tunywe chai anasema ana haraka.