Tinti ya dirisha, pazia zito au kivuli cha nje: kipi kinapunguza umeme wa AC hapa Unguja?

MkaaziBububu
Assalamu alaykum wanajamvi. Nina chumba ghorofa ya juu, kinatazama magharibi upande wa bahari. Dirisha ni la alumini la kusukuma, upana mita moja na nusu, urefu mita moja na robo hivi, kioo cha kahawia. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia lote mpaka linakuchwa, na saa mbili usiku ukuta bado ukiugusa una moto. AC ni ya BTU 12,000, si ya inveta. Msimu huu wa kaskazi yuniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zinakwisha hata mwezi haujafika kati. Nimeshauriwa tinti ya kubandika, pazia zito, na kivuli cha nje. Pesa niliyonayo ni ya kimoja tu kwa sasa. Watoto wanalala humo, na mama watoto anataka stara pia, maana jirani kapandisha ghorofa. Nianze na kipi?

FundiVioo
Wa alaykum salaam kaka. Tinti ziko namna tatu, na watu huziuza kama kitu kimoja. Ya rangi tupu ndiyo rahisi. Inatia giza, lakini joto inalinyonya badala ya kulirudisha, kioo kinawaka na sehemu ya moto huo inaishia chumbani. Ikipigwa na jua miaka kadhaa inageuka zambarau na kufura malengelenge. Ya fedha, ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, inalirudisha jua nje, na kwa nyumba zetu ndiyo ninayoipendelea. Ya seramiki inaacha mwanga upite na kuzuia sehemu kubwa ya joto lisiloonekana. Nzuri, ila bei yake iko juu.

Muuzaji akikwambia "inazuia asilimia 99", muulize ya nini. Mara nyingi ni miale ya urujuanimno, inayofifisha mapazia na makochi, nayo ni kama asilimia 5 tu ya nguvu ya jua. Nguvu iliyobaki imegawika karibu sawa kati ya mwanga tunaouona na miale ya infraredi, ndiyo lile joto lisiloonekana. Kwenye karatasi ya bidhaa tafuta TSER, ndiyo jumla ya nguvu ya jua inayozuiwa. Tinti ya fedha nzuri kwenye kioo cheupe inaweza kufika asilimia 70.

Kwako nina wasiwasi na hicho kioo cha kahawia. Chenyewe kinanyonya joto. Ukikibandika tinti kwa ndani kinazidi kupata moto katikati, kingo zilizofichwa na fremu zikibaki baridi, na hapo ndipo kioo kinapopasuka, khasa kama kilikatwa vibaya kikawa na mikwaruzo pembeni. Wengine watakwambia ibandike nje. Karibu na bahari hivyo, chumvi itaanza kuila kwenye kingo mapema sana.

BintiWete
Mie nauliza jambo moja kabla ya yote: hilo dirisha mchana linakuwa wazi au limefungwa? Kwetu Pemba tunaishi kwa feni na upepo. Dirisha la kusukuma likifunguliwa, kioo kimoja kinakwenda nyuma ya kingine, na nusu ya dirisha inabaki wavu wa mbu mtupu. Jua linapita hapo kama hamna kitu. Tinti ni ya chumba kinachofungwa.

Na mwambie wifi habari ya stara. Tinti ya fedha inaficha mchana, kwa sababu nje ndiko kwenye mwanga zaidi. Ukiwasha taa usiku mambo yanageuka, jirani anakuona wewe na wewe humuoni. Pazia atalihitaji vilevile.

MkaaziBububu
Dada, linafunguliwa asubuhi, linafungwa mchana watoto wakirudi skuli na AC ikiwashwa. Kuhusu usiku sikuwa najua, ahsante sana.

Hesabu_za_Umeme
Nimekupigia hesabu ya makadirio. Siku ya anga safi, jua la alasiri likiukabili ukuta wa magharibi linaweza kuleta wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Dirisha lako ni karibu mita mbili za mraba, basi kioo kinapigwa na wati kama 1,100. Cheupe kingeingiza zaidi ya asilimia 80. Hicho cha kahawia tuseme 60, yaani wati 660 au zaidi kidogo. AC ya BTU 12,000 ina uwezo wa kutoa wati 3,500 za joto. Kwa hiyo karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake inapigana na dirisha hilo moja.

Tinti nzuri ikizishusha zikawa 380, umepunguza wati 280 za joto. AC ya kawaida inatumia wati moja ya umeme kutoa kama tatu za joto, basi umeokoa wati 90 na kitu za umeme. Kwa saa nne, haifiki hata nusu yuniti kwa siku. Ni faida ya kweli, na katika msimu mzima inahesabika, lakini anayekuahidi kwamba matumizi yatapungua nusu anakudanganya.

Kivuli cha nje kinashinda kwa sababu kinalisimamisha jua kabla halijagusa kioo. Na wewe umesema ukuta una moto usiku. Tinti haiufikii ukuta.

Shangani_Juu
Ndiyo maana wazee wetu Mji Mkongwe hawakuanza na vioo. Ukuta wa mawe na chokaa unene wa mkono mzima, na dirisha lina milango ya mbao yenye vibao vilivyolazwa, upepo unaingia na jua linabaki nje. Leo watu wanang'oa mbao kutia alumini ya kusukuma, halafu wanatafuta tinti. Inaniuma sana. Aliye ndani ya eneo la hifadhi akumbuke pia kwamba mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, dirisha halibadilishwi bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Mpangaji_Michenzani
Pazia zito limenitosha mie. Limepigwa kitambaa cheupe upande wa nyuma, nalifunga saa nane. Dirisha langu ni la luva, tinti ya kukatwa vipande vipande sikuiona maana yake.

Hesabu_za_Umeme
Huo weupe wa nyuma ndio unaokusaidia, unarudisha mwanga kupitia kioo kabla haujageuka joto. Pazia la rangi nzito bila weupe huo linapata moto lenyewe, na moto huo umeshakuwa ndani ya chumba. Kwa mpangaji ni chaguo la haki, maana unahama nalo.

FundiVioo
Nakubaliana na kivuli cha nje, ila kaka usijengewe upenu uliolala juu ya dirisha ukadhani umemaliza. Upenu unazuia jua la juu. La magharibi saa kumi na moja limeshashuka, linaingia chini yake moja kwa moja. Unahitaji kitu cha kusimama mbele ya dirisha: milango ya mbao ya vibao kama alivyosema Shangani, au pazia la mianzi la kukunja kwa nje. La mianzi ni rahisi, na likiwa pana kuliko dirisha linafunika na kipande cha ukuta.

BintiWete
Na bati jamani? Yuko ghorofa ya juu. Hapa kwetu jua la mchana linakuwa karibu na utosi mwaka mzima, paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Kama juu ya siling'i hamna kitu, chumba kitawaka hata ukiziba madirisha yote.

MkaaziBububu
Juu ni zege, dada, na tangi la maji linafunika sehemu. Hilo zege nitalipaka chokaa nyeupe kabla ya masika kuanza. Nimeshakubaliana na wifi yako: pazia la mianzi la nje sasa hivi, la kitambaa ndani kwa ajili ya stara ya usiku, tinti tusubiri mpaka tubadilishe kioo. Fundi, ghorofa ya juu upepo wa kusi unavuma sana, mianzi itafungwaje isipasue dirisha?

FundiVioo
Usiiache ining'inie. Tia ndoano ukutani juu na chini, kila upande, za chuma kisichoshika kutu maana za kawaida bahari itazila. Pitisha waya pembeni mwa pazia, liteleze juu ya waya. Acha nafasi ya kiganja kati ya mianzi na kioo ili hewa ya moto ipande itoke. Usiku likunje juu kabisa na ulifunge kamba mbili, na kusi likianza kwa nguvu lishushe chini uliweke ndani.