Wakuu naomba ushauri, huyu mdudu wa maji ni nani?
Habari zenu wakuu, niko Tanga mjini, nimepata hadubini ya mtumba, lenzi zake zinakuza mara 4, 10 na 40, ya jichoni mara 10. Juzi nikachota maji Mto Zigi pale pembeni kwenye majani yaliyooza, nikatia tone moja kwenye kioo, aisee mle ndani ni soko la Mgandini!

Paramisia nimemjua, yule kiumbe wa seli moja aliye kama soli ya kandambili anaenda huku anajizungusha. Sasa kuna mwingine kanitoa jasho, mrefumrefu, kichwani kama ana feni mbili zinazunguka, nyuma kajishikiza kwenye uchafu kwa mguu, akishtuka anajikunja wote, halafu katikati kuna kitu kinatafuna tu muda wote. Nilidhani stenta, yule mwenye umbo la tarumbeta, lakini stenta ni seli moja tu, taya atoe wapi? Nahisi ni rotifa, yule mdudu mdogo wa maji mwenye seli nyingi, au nakosea? Bi mkubwa kashasema hicho ni kichocho nikamwage, ila kidudu cha kichocho hana feni, yeye ana mkia wenye panda.

Halafu wanakimbia balaa, nikiweka 40 keshapotea. Nyuzi za pamba nilizotia kwenye tone ili wakwame zimesaidia kidogo. Je nikitia gliserini tone dogo ili maji yawe mazito wapunguze mwendo, si ntawaua?