Nyie mliosema "Kigoma–Bujumbura–Kigali kwa laki mbili", njooni hapa tuongee

Wakuu, leo siamkii mtu. Nimeingia nyumbani Ujiji jana saa tano usiku, miguu imevimba, mkobani nina shilingi mia saba na noti nne za Burundi ambazo hazinunui hata kiberiti. Nimelala, nimeamka, nimekunywa chai, hasira iko palepale. Mods msiniunganishe na ule uzi mwingine, maana ule uzi ndio mshtakiwa.

Mnaujua. Kila mtu humu akiuliza safari ya bei chee nje ya nchi anatupiwa huohuo: anzia Kigoma, vuka mpaka wa Manyovu uingie Burundi, lala Bujumbura siku mbili, asubuhi panda basi la Kigali, rudi kwa Rusumo, mpaka wetu na Rwanda, laki mbili inabaki na chenji. Kurasa na kurasa za watu wanapongezana. Mimi nikaunakili kwenye daftari kwa mkono na kuupigia mistari ya wino mwekundu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ndivyo tulivyo.

Likizo hii ya Juni 2024 nikasema siendi kuvuna maharage kwa shangazi Kasulu, nakwenda kutembea. Mama akauliza, "Kwa nani?" Nikamwambia si kwa mtu, kutembea tu. Mama anauza dagaa Kibirizi, akiongea huku gati watu wa kwenye mtumbwi wanasikia. Akasema, "Haya. Ukipotea usiseme hukuwa na mama." Basi.

Pale stendi kuna kijana ana kimeza, kitabu cha risiti na shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Akanikatia tiketi ya Kigoma–Kigali kupitia Bujumbura, 85,000. Nilimuuliza mara mbili. "Mdogo wangu, Bujumbura kwenda Kigali gari lipo kweli?" "Kila siku asubuhi, dada. Kuna mwenzetu atakupokea." Risiti ina muhuri wa rangi ya zambarau. Wakuu, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mimi nimekatiwa tiketi Juni. Mtu anakuuzia nauli ya kupita kwenye mlango uliotiwa kufuli miezi mitano iliyopita, na anakutakia safari njema!

Najua mnachotaka kusema, kwamba husikilizi redio wewe? Nilisikia kuwa nchi hizo mbili haziivi, nikadhani ni mambo ya wakubwa, abiria wanapita zao. Hilo kosa langu, nalibeba. Ila kwenye uzi wenu kuna mtu kachangia mwezi wa pili mwaka huuhuu: "Uzi bora, umenisaidia sana." Umekusaidia kufika wapi?

Nirudi mpakani. Nilichanjwa homa ya manjano 2013 nilipokwenda harusi ya binamu Lusaka. Kwenye kibanda kimoja, upande gani sisemi, bwana mmoja akaifungua ile kadi ya njano, akahesabu kwa vidole, akasema imepita miaka kumi, haifai. Nikamweleza kwa upole kwamba tangu Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, Shirika la Afya Duniani ndilo lililobadilisha, na hata kadi za zamani zimo. Hili nilikuwa nalo kichwani, shemeji yangu ni mganga wa zahanati. Akanigeuzia kadi: "Hapa imeandikwa miaka kumi." Na kweli zile za zamani zimechapwa hivyo. Nyuma yangu akina mama na ndoo zao za mawese wameanza kuguna, mwalimu anachelewesha foleni. Nikatoa msimbazi wa elfu kumi. Risiti hakuna.

Kikafuata kioja cha pili. "Madhumuni ya safari?" Kutembea. "Unamtembelea nani?" Sina mtu. "Biashara gani?" Sina. "Mume wako anajua?" Pasi nimeilipia 150,000 kwa jasho langu, nimesimama na begi moja la mgongoni, natazamwa kama nimeficha kitu. Mzungu akishuka Kigoma na begi kama hilo kwenda Gombe hakuna anayemuuliza anamtembelea sokwe gani.

Hapo sijafika kwenye hela. Uzi wenu ulisema badilisha kwa vijana wa mpakani, benki wanakupunja. Kwa hilo hamkudanganya, bei ya mtaani iko juu mno kuliko ya benki. Nikatoa shilingi 50,000, nikahesabiwa faranga 80,000, noti nane za elfu kumikumi, kijana anahesabu haraka huku ananisifia viatu. Nikajiona mjanja. Nusu saa nzima kwenye gari nimejiona mjanja.

Asubuhi yake Bujumbura nikaketi kwa mama muuza chai, chapati mbili na chai ya tangawizi. Nikampa noti. Akaishika kwa ncha za vidole, akaiinua juani, akaigeuza, akacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Akamwita jirani yake wa ndizi. Wa ndizi naye akaiinua juani. "Dada, hii ilikufa mwaka jana." Juni 2023 benki kuu yao ilitangaza kuziondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000, wenye nazo wakapewa siku kumi kuzirudisha. Siku kumi! Ukiwa na bibi yako kijijini amefukia zake chini ya kitanda, imekula kwake. Tukazikagua zote nane pale kwenye benchi, mimi, wa chai na wa ndizi. Nne hai, nne maiti. Kijana alizichanganya moja nzima, moja mbovu, kama mtu anayepanga karata. Ule mkono ulishazoea. Mama wa chai akakataa kulipwa. Nikamlipa kwa noti nzima, akaniongezea chapati ya tatu, kaifunga kwenye gazeti.

Sasa nikamtafute huyo "mwenzetu". Simu yake haipatikani. Nikapiga mara kumi na moja, nimezihesabu kwenye simu, na kila nikipiga laini yangu ya Tanzania inanyonywa vocha kama ndama kwenye chuchu. Nikafungua daftari kutafuta ofisi za mabasi. Maelekezo yenu: shuka soko kuu la katikati. Soko kuu la Bujumbura liliungua Januari 2013! Namuuliza mtu soko kuu liko wapi, ananitazama kwa huruma kama nimemuulizia marehemu. Maelekezo yenu tena: chukua boda mpaka mjini kati. Boda na baiskeli zilizuiwa kuingia mjini kati mwaka 2022. Nikatembea. Halafu kule magari yanakwenda kulia, sisi kushoto. Hilo hakuna aliyeliandika kwenye kurasa zote zile. Nimezoea kuangalia kulia kwanza, nikaangalia kulia, nikakanyaga lami, gari likanipita upande wa kushoto karibu linichukue mkono na mkoba wake. Nikabaki nimesimama natetemeka, nimekumbatia begi.

Gesti niliyolala siitaji. Maji ya bomba hakuna, chandarua kina tundu la kupitisha bata, umeme unakuja na kuondoka utakavyo. Mhudumu aliniuliza mara tatu kama kuna mtu atakuja usiku. Namwambia hakuna. "Hata kesho?" Kilichoniokoa ni kanga. Dada zangu mnaotaka kusafiri peke yenu, begi lijazeni mnavyotaka lakini kanga mbili lazima. Moja nilitandika juu ya shuka lao nisilolielewa rangi, nyingine nikaziba dirisha, asubuhi ileile ya dirishani nikajifutia maji.

Lakini nisiwe mwongo, kuna mambo yalinituliza. Mchana nilikwenda Buyenzi, kule mtaa wa Waswahili, kwa sababu nilichoka kukisia maneno. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, unaelewa, ila bei ukitajiwa harakaharaka unaachwa. Nilipoingia Buyenzi masikio yakafunguka. Kuna bibi amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikasema shikamoo bibi. Akainua kichwa polepole, "Marahaba mjukuu wangu," na hiyo ndiyo shikamoo yangu ya kwanza kuitikiwa tangu nivuke Manyovu. Akaniuliza natoka wapi. Ujiji. Ungo ukawekwa chini. "Ujiji ya kwa nani?" Ikabidi nitaje mtaa, msikiti, jina la babu. Babu yangu hakumjua, lakini babu yake yeye ndiye aliyetoka Ujiji na mtumbwi, na mpaka leo ukoo wanasema "kule nyumbani" wakimaanisha kwetu. Hakuniuliza namtembelea nani. Aliniuliza kama nimekula.

Nikaletewa ugali, kisamvu cha mawese na samaki wa kuchoma. Nikamtazama yule samaki. Wakuu, ni mgebuka! Wao wanauita mukeke, lakini ni mgebuka wetu, ziwa ni moja. Nimelipa nauli, hongo na noti za maiti ili nikale kisamvu na mgebuka ambao mama angenipikia bure. Nililia kidogo, nikasingizia pilipili.

Bibi ndiye aliyeniambia waziwazi kwamba Kigali haipitiki, na kwamba nikiwa na akili nianze kutafuta gari la kurudi siku hiyohiyo. Mafuta yameadimika vibaya kule. Vituo vya mafuta vina foleni za magari yaliyolala, abiria wanajipanga jua kali wakisubiri basi ambalo halijulikani kama litakuja. Nilisimama siku moja na nusu kupata gari la kuelekea kusini. Lililotokea, dereva alijaza kwa madumu, bei yake anaijua yeye, na sisi tukagawana maumivu kwenye nauli.

Tukipita upande wa Mugere jamaa mmoja kwenye kiti cha mbele akaamua kutufundisha historia: hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Nilikuwa nimebanwa kati ya gunia na mtoto anayetapika, lakini hapo nilinyanyuka. Hapana kaka. Walikutana Ujiji, kwetu, Novemba 1871. Hapo Mugere walikuja pamoja baadaye wakizunguka ziwa na mtumbwi, ndiyo maana jiwe lenyewe la ukumbusho limeandikwa 25 Novemba 1871. Gari zima likacheka, jamaa akasema basi mwalimu umeshinda. Ndicho kitu pekee nilichoshinda safari nzima, kiacheni.

Rumonge ziwa limepanda, kuna nyumba zimebaki mapaa. Mabanda nilinunua parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Sehemu hiyo sina malalamiko.

Malalamiko yanarudi Manyovu. Nimeshavuka, nimegongewa muhuri, nipo nchini kwangu, nimefurahi. Naangalia simu, saa kumi na nusu. Gari la mwisho la Kigoma niliambiwa saa kumi na moja. Nikaagiza maandazi, nikavua viatu, nikaunyoosha mguu. Namaliza, naenda stendi, patupu. Kijana mmoja ananiambia gari limeondoka, dada, saa hizi kumi na mbili kasoro. Simu ilikuwa bado imeng'ang'ania mnara wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu saa nzima. Nimekula maandazi kwa saa ya nchi nyingine. Nikapanda fuso la maharage mpaka Mwandiga, juu ya magunia, nimejifunika kanga zote mbili, kisha boda mpaka Ujiji.

Sasa nataka mambo mawili tu. Mwenye ule uzi, na nakuona uko mtandaoni muda huu taa ya kijani inawaka, nenda kaandike pale juu kabisa kwa herufi kubwa ulisafiri mwaka gani. Soko lililoungua 2013 umelipita wewe, maana yake safari yako ina umri wa wanafunzi wangu wa darasa la tano. Kama hutaki kuandika, ufute.

La pili linamhusu kijana wa kimeza, najua humu unasoma kwa sababu ulinionyesha mwenyewe huo uzi kwenye simu yako siku unanikatia tiketi. Ile 85,000, ukitoa kipande cha kufika Bujumbura, iliyobaki nakudai, tutapigia hesabu palepale.

NYONGEZA: Anayeuliza kama ningeanzia Rusumo moja kwa moja ningefika Kigali, ndiyo, ningefika. Asante. Ungeniambia wiki iliyopita.

NYONGEZA 2: Mnaosema niende na hati ya kisheria, sijui wakili, tulieni. Kesho saa mbili asubuhi niko stendi na risiti yangu. Mama ameahirisha dagaa, anakuja pia.