Bima ya kazini itakoma nikistaafu, na mama watoto ana kisukari. Nijipange vipi?

Mzee_Changamwe
Wandugu, salaam. Nina miaka 54, nafanya kazi kampuni binafsi hapa Mombasa. Bima ya kampuni inatutibu mimi na mama watoto, ila nikistaafu nikiwa na 60, imekatika. Yeye ana kisukari na presha. Dawa ni kila mwezi. Pensheni naweza kuikadiria. Matibabu ndiyo yananikosesha usingizi. Nianzie wapi?

BintiPwani
Shikamoo mzee. SHA, bima ya afya ya serikali, haikomi, kinachobadilika ni namna ya kulipa. Sasa unakatwa 2.75% ya mshahara. Baadaye watakadiria kipato cha nyumba yako, utalipa 2.75% ya hicho, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, tena ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hakikisha mama ameandikishwa kama mwenza wako. Zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na 3, hulipi kutibiwa. Shida ni dawa, mara nyingi utaambiwa ukanunue nje. Tenga fungu lake.

Mhasibu_Kisauni
Mzee, waulize wadhamini wa pensheni yenu kama wana mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Tangu mwisho wa Desemba 2024, hadi shilingi 15,000 kwa mwezi unazoweka huko hazitozwi kodi, mbali na zile 30,000 za mchango wa pensheni zisizotozwa pia. Ukiwa kwenye kiwango cha kodi cha 30%, ukiweka 10,000 kodi yako inapungua 3,000. Nafuu hiyo utaipata vizuri ukiwa bado na mshahara, kwa hivyo usingoje mwaka wa mwisho.

Mzee_Changamwe
Marahaba binti. Mhasibu, hilo la mfuko hatujawahi kutajiwa! Na bima binafsi je?

MamaSalma
Ingieni sasa, baba. Kampuni nyingi zina ukomo wa umri wa kujiunga, na ugonjwa ulio nao tayari huwekewa muda wa kungoja kabla bima haijaanza kuulipia. Afadhali muda huo upite bima ya kazini ingalipo. Mjomba wangu alianza kutafuta baada ya kustaafu, akakataliwa kote. Shamba la Kilifi likauzwa kulipia kusafishwa figo. Mama apimwe macho na figo mwaka huu huu, kwa bima ya kampuni.

Mzee_Changamwe
Ahsanteni sana. Wadhamini nawaendea wiki hii. Kuna aliyejiunga na bima binafsi akiwa na kisukari? Alingojeshwa muda gani?